Sufuria ya Nyuzi Nne

Wapiga gitaa la solo wakikutana, huonyeshana vidole. Wapiga ngoma wakikutana, hupiga meza mpaka mwenye meza akasirike. Wapiga besi, wao, wakikutana hukaa kitako wakaongea, na wakishaanza kuongea, omba Mungu usiwe na safari.

Fundi Bomba alikuwa mmoja wao. Siku za kazi alizibua masinki na kufunga mabomba ya watu. Jumamosi alipiga besi kwenye harusi. Alikuwa mpole, mnene kidogo, na aliamini kwamba kila tatizo duniani lina mtu anayelijua kuliko yeye. Ndiyo maana kila akitoka kazini alipitia kwa Kinyozi kuomba ushauri. Kinyozi naye alikuwa mpiga besi. Amplifaya yake, kasha zito la kukuzia sauti, ilikaa katikati ya kibanda cha kunyolea, na wateja waliosubiri zamu waliikalia. Wa tatu alikuwa Mwalimu, mtu wa hesabu, mwembamba kama chaki zake, aliyepiga besi kanisani na kubisha kila kitu kwingineko.

Alhamisi hiyo Fundi aliingia na malalamiko mawili: nyuzi za gitaa lake la besi zimekufa, na mama mkwe anakuja.

"Zimekufaje?" aliuliza Kinyozi, mashine ikiunguruma kisogoni mwa mteja.

"Nikizigusa zinalia kama mtu anapiga mto wa kulalia. Na keshokutwa nina harusi."

"Hiyo ndiyo sauti ya besi!" alidakia Mwalimu. "Mimi zangu sijazibadili tangu kifungua mimba wangu hajaota meno. Sasa hivi ana ndevu. Nyuzi ni kama viatu, bwana, zikishakuzoea unaziachaje?"

"Ndiyo maana waumini wenu wanasinzia," Kinyozi akasema.

"Wanasinzia kwa mahubiri, si kwa besi!"

Mteja mwenyewe alicheka mpaka akakatwa nywele vibaya upande mmoja, ikabidi anyolewe kipara. Ndipo Kinyozi akatoa dawa yake: chemsha. Jasho na mafuta ya vidole hujificha kwenye mikunjo ya nyuzi nene. Ukizitokosa kwa maji na siki kidogo, ukazikausha vizuri, zinalia kama zimetoka dukani leo. Mwalimu akasema huo ni uchawi. Wakabishana juu ya siki, wakahamia maumivu ya mgongo, maana amplifaya haijibebi, na kutoka mgongoni wakaingia kwenye magodoro, ambayo siku hizi hayana maana. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza Fundi habari ya mama mkwe. Ikabidi aseme mwenyewe.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Mkewe Fundi, keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa hapati usingizi. Mama yake aliishi peke yake, macho yamefifia, na juzijuzi alijikwaa kizingitini akalala pale chini hadi jirani alipopita. Kila akiombwa ahamie kwa binti yake jibu lilikuwa lilelile: yeye si mzigo wa mtu, na hajazoea kula bure. Sasa alikubali kuja kutembea tu, Ijumaa jioni, arudi Jumapili. Mke alizipanga siku hizo kama vita. Mama akute nyumba safi, akute neema, moyo ulainike abaki. "Akirudi safari hii," mke alisema, "tutaletewa habari ya msiba." Fundi alimpenda sana mkewe. Kwa kuwa hakujua la kusema, alipaka rangi jikoni.

Alipaka rafu zote kijani. Unga, mchele, mafuta, chumvi, vyote akavihamishia chumbani kwa makatoni, rangi ipate kukauka. Ijumaa asubuhi mke alipokwenda kazini, Fundi alisimama peke yake kwenye jiko tupu linalonuka rangi, akaona nafasi ndiyo hii. Akateka maji kwenye sufuria kubwa, akatumbukiza nyuzi zake nne, akawasha gesi. Zilipoanza kutokota ndipo akakumbuka hana siki. Akapunguza moto, akatoka mbio kwenda dukani, mlango akaurudishia tu.

Nani alijua mama mkwe angepata lifti ya asubuhi? Bibi wa watu alibisha hodi, kimya. Akaingia na kikapu chake, akasikia kitu kinatokota, na miguu ikampeleka ilikozoea kwenda.

Fundi aliporudi na chupa yake alimkuta amesimama mbele ya jiko, upawa mkononi, na kwenye upawa ule unaning'inia uzi mnene kuliko yote, unachuruzika maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakugeuka. "Nimeonja. Nikaona haina chumvi. Nikatafuta chumvi kwenye rafu."

Fundi akazitazama rafu. Kijani kitupu, huku mpaka kule.

"Nikasema basi, labda nyama iko chini," mama mkwe akaendelea. "Nikachota."

"Mama, hizo ni..."

"Nyamaza, mwanangu. Usijieleze. Mwanamume kusema mambo haya ni kazi." Akauinua upawa. "Mimi nimekulia kwenye njaa. Nimewaona wanawake wakichemsha mawe ili watoto wasikie sufuria inatokota, walale na matumaini. Lakini waya! Waya, jamani!" Halafu akaiona chupa. "Na hiyo?"

"Siki, mama."

"Ya kutia humu?"

"Ndiyo, mama," akasema Fundi, maana uongo haukuja haraka.

Mama mkwe akatafuta kigoda, akakaa.

Fundi alikuwa anajikusanya aanze upya, pale pale sauti ya Kinyozi ikaunguruma mlangoni: "Hodi! Zimeiva?" Walikuja wawili, yeye na Mwalimu, maana shule zilikuwa zimefungwa na nyumbani amechokwa. Wakamwamkia mama kwa adabu zote. Mama akawatazama kwa zamu.

"Kumbe na nyie mnajua habari za sufuria hii?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha, mama," Kinyozi akajibu kwa fahari. "Mimi huchemsha kila mwezi. Zikitoka nazikausha, mwezi ujao narudia zilezile."

"Zilezile!" Akamgeukia Mwalimu. "Na wewe, baba?"

"Mimi sijawahi, mama. Najizuia tu."

Mama mkwe alimpima Mwalimu kuanzia shingo, ambayo haikuwa na mengi ya kupimwa, hadi mkanda uliozunguka kiuno mara moja na nusu. Alifungua kikapu, akatoa mkate na mayai ya kuchemsha, akamwekea Mwalimu mawili mkononi. Mwalimu hajawahi kukataa yai tangu azaliwe. Aliyala palepale, kwa kasi ambayo haikumsaidia Fundi hata kidogo.

Jirani wa Fundi, aliyemwona mama akiingia, alikuwa amempigia simu mke, naye akaja mbio, sare ya duka bado mwilini. Mama yake akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwa sauti ya wazee, ile inayosikika mpaka barabarani.

"Mwanangu, aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mimi ndiye niliyekuosha ukiwa mchanga, ungenificha nini?"

Mke akaitazama sufuria. Akaziona rafu. Akamwona Mwalimu na makombo yake. Mabega yakaanza kumtikisika, akajiziba uso kwa viganja vyote viwili, na kicheko kikamtoka kwa kwikwi.

"Usilie," mama akamwambia. "Nimeshakata shauri. Sirudi. Niwaache vipi hivi? Nina kuku, nina kijishamba, vitauzwa. Nitakaa hapa niwapikie, na huyu Mwalimu awe anapitia."

Kicheko kikakatika. Mke akashusha mikono polepole. "Utakaa, mama? Kabisa?"

"Kabisa. Si mnanihitaji?"

Kinyozi sasa alikuwa ameelewa, na kwa kuwa ni mtu mkweli akafungua kinywa. "Lakini mama, zile ni..." Fundi akamkanyaga mguu kwa uzito wake wote. Kinyozi akalimalizia neno kwa kuguna.

Hakuna aliyekuwa na hamu ya kusema kuliko Fundi mwenyewe. Tangu aoe, nyumba yake haijalala njaa hata usiku mmoja. Alikuwa anaamka kabla ya majogoo kwenda kuzibua uchafu wa watu ili mke wake asikose kitu, na hilo ndilo lilikuwa jina lake mbele ya wakwe. Neno moja tu lingemsafisha, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Mama mkwe akaja akasimama mbele yake, karibu sana, kwa sababu ya macho.

"Baba, niambie wewe mwenyewe. Usione haya. Hali ni mbaya?"

Fundi akamtazama mkewe juu ya bega la bibi yule. Mke hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameshika ukingo wa mlango.

"Mbaya, mama," akasema Fundi.

"Sana?"

"Sana. Tulikuwa hatujui la kufanya."

Mama mkwe akamshika mkono, akaupigapiga kama anambembeleza mtoto. "Basi usiogope tena, mwanangu," akamwambia. "Mimi nimeshafika."