Mate Yangu Si Dawa

Ndugu zangu, mimi ni Kabange. Miaka ile ya Zaire tuliishi Kamina, kwenye nyumba za askari pale base, kambi ya jeshi, maana mume wangu alikuwa askari. Jumapili niliimba solo katika korali, yaani kwaya, ya kanisa letu. Watu walinipenda kupita kiasi. Nikiingia kuimba, akina mama walitandika vitenge chini nivikanyage. Ilinichukiza, nikawa napita kando, nao wakasema hiyo ni adabu ya mtu mkubwa.

Ugonjwa ulianza kwa jino la nyuma. Nilisukutua maji ya chumvi, nikaendelea kuimba. Halafu taya likavimba, uvimbe ukashuka chini ya kidevu, ukawa mgumu kama ubao. Sikuweza kufumba mdomo wala kumeza. Mate yalinitiririka kifuani mchana kutwa, na yalinuka kama panya aliyefia chini ya kitanda. Watoto wangu walihamia nje kula. Mimi mwenyewe niligeukia ukuta nisinuse pumzi yangu, na harufu ikanirudia kutoka ukutani.

Mume wangu alinipeleka dispansari kwa baiskeli. Muganga wa pale, Papa Ilunga, alinibonyeza shingo.

"Mama, hii meno ilioza," alisema. "Usaha iko nashuka mu shingo. Tukikawia kupasula, utakosa mupumuzi."

"Na sauti yake?" mume wangu aliuliza.

"Weye omba abakie muzima kwanza."

Ulimi haukusogea, kwa hiyo niliomba moyoni: Bwana, pumzi tu. Papa Ilunga akapasua chini ya kidevu. Usaha wa kijani ulimwagika katika beseni, mwingine ukapitia mdomoni. Nikaumeza, nikatapika. Aling'oa jino, akatia kitambaa kidondani. Kila alipokibadilisha kilikuja na uvundo wake. Polepole nikaanza kumeza uji. Sauti nayo ikarudi, nzito, yenye kukwaruza.

Jumapili niliyokwenda kushukuru, prezida, yaani mwenyekiti wa korali, Papa Musenge, alinitangulia kusimama.

"Bandugu, mulisikia hii sauti," alisema. "Sauti yake njo ilimuponyesha. Korali yetu iko na nguvu."

Watu wakapiga makofi, eti sauti yangu ndiyo iliyoniponya. Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja, mke wa askari kutoka Kasai, alikuja mbele na mtoto mgongoni. Shingo ya mtoto ilikuwa imevimba, macho yanang'aa kwa homa. Alininyooshea kikombe cha maji.

"Mama Kabange, tema mate humu. Mutoto wangu atakunywa."

Nyuma yake wengine walikuwa wameshika chupa. Nilitazama yale maji safi, nikaliona tena akilini beseni la Papa Ilunga. Nilitoka mbio, nikatapikia kando ya ukuta wa kanisa. Niliporudi walikuwa bado wamesimama na chupa zao.

Nikamwaga maji ya kikombe kile chini.

"Hii kinywa ilitoka usaha," nilisema. "Minyi niliimeza. Watoto yangu balikimbia harufu yangu." Nikafungua mdomo, nikawaonyesha pengo na kovu chini ya kidevu. Niliwaeleza rangi ya usaha, uvundo wa vitambaa, kila kitu, hata wengine wakaziba pua. "Sikuweza hata kusema amina. Mungu njo aliniponyesha, na kisu ya muganga njo alitumia. Sauti haikufanya kitu."

Papa Musenge alinisogelea. "Weye unatupatisha haya," alinong'ona.

"Haya iko mu kikombe, Papa," nilimjibu.

Nilimshika mkono yule mama, tukaondoka ibada ikiendelea. Papa Ilunga alimpasua mtoto siku ileile, akampiga sindano. Mama yake alilia hadi akalala sakafuni. Homa ikashuka, mtoto akaomba chakula.

Papa Musenge alimpa mwingine solo. Ninaimba katikati ya wenzangu, na siku nyingine sauti inakwama. Nawaambia nanyi mnaoimba: wakianza kuwainua, wasimulieni jinsi mlivyooza, waziwazi, mpaka wamtazame aliyewasafisha. Na jino likiuma, nendeni kwa muganga mapema.

Namshukuru Mungu kwa pumzi hii. Lakini namshukuru zaidi kwamba mtoto yule alipona bila kuonja mate yangu.