Bi Akiba na Jibu la Asubuhi

Ofisini tulimwita Bi Akiba. Jina hilo nilimpa mimi, kwa hiyo akinuna alininunia mimi. Juu ya kompyuta yake alibandika karatasi iliyoandikwa AKIBA HAIOZI, na wageni walidhani ni mtu wa benki. Kumbe alikuwa fundi wa kurasa za mtandao, zile unazoziona na kuzibonyeza. Mimi nilikuwa upande wa pili, kwenye seva, kule maswali ya ukurasa yanakokwenda kutafuta majibu. Yaani yeye muulizaji, mimi muulizwaji, na nilimpenda kwa sababu alikuwa hapendi kuuliza.

Ngoja nieleze. Ukurasa mmoja una vipande vingi. Huu tulioutengenezea kliniki ya macho ulikuwa na kalenda, ubao wa nafasi za upasuaji, na kijisanduku cha juu kinachosema "Zipo" au "Zimejaa". Kabla Bi Akiba hajashika kazi hiyo, kila kipande kilinijia na swali lake, lile lile, "Kuna nafasi?", mpaka seva ikawa inahema. Ni kama nyumba ambayo kila mtoto anatumwa dukani kivyake kununua chumvi ile ile. Yeye akapanga aende mmoja tu, akirudi na jibu wote wasikie, na jibu lenyewe liwekwe akiba ili atakayechelewa alikute. Ukurasa ukawa mwepesi, seva yangu ikapata usingizi, nami nikamsifu mbele za watu, jambo nisilolifanya ovyo.

Alivyokuwa kazini ndivyo alivyokuwa na watu. Ukimwambia mara moja kwamba hunywi chai ya maziwa, umekwisha. Utazeeka hujaulizwa tena. Mimi niliwahi kusema kwa utani kwamba keki ni chakula cha watoto. Tangu siku hiyo, katika kila sherehe ya ofisi, sahani za keki zilinipita kama sipo, na mgawaji ni yeye.

Alisema amelelewa hivyo. Kwao kuuliza mara mbili ilikuwa utovu wa adabu. "Nimeshakwambia, unataka nikuimbie?" ndiyo ilikuwa kauli ya baba yake, mzee mmoja fundi cherehani, mkali kama pasi ya mkaa, lakini aliyemshonea binti yake kila nguo aliyovaa hadi anamaliza shule.

Sasa macho ya mzee yalikuwa yanaziba. Mtoto wa jicho, yote mawili. Zamani kidogo Bi Akiba alimwomba wakafanye upasuaji, mzee akajibu, "Sitaki." Basi, jibu likaenda akiba. Kila Jumamosi binti alikwenda kwake, akamtungia uzi kwenye sindano za wiki nzima na kuzichomeka kwenye kijimto, mzee azipate kwa kupapasa. Mimi nikimwambia jaribu tena, alinitazama kama nimemtukana mzazi wake. "Baba hataki. Ameshasema." Na mzee akaendelea kushona kwa vidole, giza likimsogelea.

Kazi ya kliniki ilipokuja, Bi Akiba aliifanya kwa moyo ambao sijauona tena kwa mtu anayeandika programu. Nilijua ni kwa nini.

Ukurasa ulifanya kazi vizuri, mpaka asubuhi moja muuguzi wa mapokezi alipopiga simu, sauti juu. "Nyie watu! Ukurasa wenu unasema zimejaa, na mimi kitanda kitupu nakiona kwa macho yangu! Nimemrudisha bibi wa watu nyumbani!"

Tulikwenda wote wawili. Muuguzi alikuwa mama mnene, ana kalamu kwenye nywele na hasira usoni. Bi Akiba akatazama kioo cha kompyuta ya mapokezi, kisha akauliza swali moja.

"Dada, ukurasa huu umeufungua saa ngapi?"

"Nimeufungua? Mimi siufungi. Tangu mlipouleta uko hapo hapo. Kuna ubaya?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Unajua, sisi watengenezaji wa ukurasa tunauburudisha, yaani tunaufungua upya, kila dakika, mkono wenyewe unabonyeza, na kila ukiburudisha, akiba inaanza upya. Hatukuwahi kukutana na mtu anayefungua ukurasa na kuuacha wazi kama mlango wa duka. Kwake, jibu la kwanza liliingia akibani na hakuna aliyerudi kuuliza. Watu walipiga simu chumba kingine kufuta nafasi zao, seva yangu ikajua, lakini kijisanduku cha juu kikaendelea kusema "Zimejaa" kwa uaminifu wote.

"Jibu lilikuwa sahihi," Bi Akiba akanong'ona. "Wakati ule lilikuwa sahihi."

"Wakati ule," muuguzi akasema, lakini sasa hasira imepungua, maana yule bibi alikuwa amepatikana kwa simu na yuko njiani kurudi. "Dada'angu, hapa mambo yanageuka. Mtu ananiambia sitaki kisu, akiketi pale kwenye benchi kidogo, anarudi kuniomba. Mimi nauliza kila siku. Nisipouliza nitajuaje?"

Bi Akiba akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akafungua kompyuta yake, akarekebisha pale pale: jibu lipewe umri, likizeeka liulizwe upya, na mtu akifuta nafasi, akiba yote itupwe. Ubao ukabadilika mbele yetu. Kulikuwa na nafasi wiki iliyofuata. Aliitazama ile nafasi mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

"Kaka," akaniambia, "nipeleke kwa baba."

Tulimkuta kwenye cherehani yake, karibu na dirisha, uso ameuinamisha mpaka pua inakaribia kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo si Jumamosi. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuuliza kitu nilichokuuliza zamani."

"Na nilijibu?"

"Ulijibu." Akavuta kigoda, akaketi karibu naye. "Lakini nauliza tena. Macho, baba. Twende wakakufanyie upasuaji?"

Mzee akaushika mkono wa cherehani, gurudumu likasimama. Niliingoja ile kauli ya kuimbiwa. Haikuja.

"Uliponiuliza," akasema taratibu, "mama yako alikuwa kitandani. Ningefungwa macho, niambiwe nisiinue kitu kizito. Nani angemgeuza?"

"Mama alishatutoka, baba."

"Nimemzika mimi, utaniambia? Tulipomaliza msiba nikangoja uniulize. Ukija unanitungia sindano, unaondoka. Nikasema basi, mwanangu amechoka na uzee wangu."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Si ulitukataza kuuliza mara mbili!" Hapo Bi Akiba akalia, kilio cha kweli, cha mtoto.

Mzee akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. "Yote niliyokufundisha, ukashika hilo tu? Niandikishe, mama. Niandikishe kabla sijaacha kuona hata mwanga."

Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza tulikaa kwenye lile benchi. Bi Akiba alikuwa anaogopa kwamba tumechelewa, maana daktari hakuahidi kitu. Ghafla akanigeukia.

"Kaka, hivi kweli keki huli?"

"Nakula sana."

"Pole," akasema, na tukacheka wote wawili, yeye huku anajifuta macho.

Kwenye ile karatasi ya ofisini alikuwa ameshaongeza neno moja kwa kalamu: AKIBA HAIOZI, IKIANGALIWA. Sijui kama methali huwekwa viraka, lakini yeye ni mtoto wa fundi.

Asubuhi iliyofuata walimfungua bandeji. Mzee alipepesa jicho, akatazama dirisha, akatazama mikono yake. Halafu akamtazama binti yake, muda mrefu, mpaka muuguzi akaacha alichokuwa anafanya. Akanyoosha kidole, akamgusa nywele juu ya sikio.

"Kumbe una mvi."

"Ninazo, baba."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Kila ukija nilikuwa namwona yule wa gauni la shule," mzee akasema. "Hebu sogea hapa kwenye mwanga, mama. Nikuangalie upya."