Mama wa Saiba
Mama wa saiba, duka la intaneti pale Majengo, husoma sheria kwa sauti ya chini, kidole kwenye skrini, na haruki hata nukta. Leylo, msichana wa mtaa aliyehitimu ng'ambo na kuja nyumbani likizo, alitamani kufungua duka lake la kutengeneza simu huko alikosoma, ila aliogopa kwamba kibali chake cha kuishi huko kingemlazimisha kuajiriwa. Akamwomba mama amsaidie, na kwa siku tatu mama alisoma sheria za vibali za nchi hiyo huku akitafuna njugu. Leo asubuhi akagonga meza.

"Hii hapa, mwanangu! Mhitimu anaruhusiwa kujiajiri."

Leylo akajisomea mara mbili, machozi yakamtoka. Mama akapiga vigelegele hadi wauza nyama wa mlango wa pili wakatoka na visu mkononi. Kisha akachomoa simu yake iliyopasuka kioo.

"Mimi ndiye mteja wako wa kwanza. Na usinifanyie bure."