Talaka Iliyokwenda kwa Mgeni

Kazi yangu iko ndani ya kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Sisemi kwa mafumbo. Kampuni iliyoniajiri, ambayo sijapata kuuona hata mlango wake, iliniwekea kwenye laptopu yangu mashine nyingine isiyoshikika, yenye dirisha lake na nywila yake, na humo ndimo ninamojibu maswali ya wageni wanaokodi nyumba za ufukweni Diani na Galu. Nje ya dirisha hilo ni mambo yangu: picha, mapishi, ujumbe wa simu ninaoufungua papo hapo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewasha mpangilio wa kushirikisha maneno, ili ninachonakili upande mmoja niweze kukibandika wa pili. Nilichoka kuandika upya kila kitu kama mtoto wa chuo cha Kurani na ubao wake.

Mume wangu alikuwa Uarabuni, kwenye bohari la mizigo, mwaka wa pili huo. Nilikuwa nimeizoea nyumba yetu ya Kinondo bila yeye, au nilijidanganya hivyo. Asubuhi moja ujumbe wake ukaingia. Hakunisalimu. Aliandika kwamba ameniacha talaka moja, na chini yake akaongeza mengine marefu, ya chumbani, ambayo sitayarudia hapa.

Nilimpigia mjomba wangu wa Msambweni, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika mambo ya wapwa zake. Nikampa shikamoo, nikaanza kusimulia. Akanikatiza kwa upole.

“Mwanangu, usinipe maneno yako. Niletee yake, kama alivyoyaandika.”

Alikuwa na haki. Talaka huhesabiwa kwa matamshi, na msimuliaji huwa ameshapunguza au ameshaongeza. Moja hurejewa, zikifika tatu, basi tena. Ningeweza kumpelekea ujumbe mzima, lakini kuna aibu ambazo mjomba haonyeshwi. Kwa hiyo nikanakili mistari ya juu peke yake, nikambandikia, nikajifuta uso kwa kanga na kurudi kazini.

Kule ndani, bibi mmoja wa Kizungu alikuwa ameuliza kama nyumba aliyoikodi ina taulo za pwani. Jibu la taulo ninalo siku zote, tayari kunakiliwa, na nilidhani nimelinakili. Nikabandika, nikatuma bila kutazama, nikahamia kwa mgeni mwingine.

Bibi yule aliyapitisha maneno kwenye mashine ya kutafsiri. Akanijibu kwa adabu kubwa kwamba anasikitika kuwa nimemwacha, ila hakukusudia kuniudhi. Alitaka kujua tu kuhusu taulo. Nilicheka. Wallahi nilicheka mpaka nikashika ukuta, peke yangu nyumba nzima, na kilio kikanikuta hapo hapo kwenye kicheko. Kabla sijapata la kumwandikia, likaingia lake la pili.

“Haya hayakuwa yangu, sivyo? Ni yako wewe.”

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nimekula. Siku ile hakuna mwingine aliyeniuliza hivyo.

Mkuu wetu wa zamu aliyaona yote, kwani huona kila kitu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mambo ya nyumbani yasivuke kuingia kazini, akaufunga ule mpangilio kutoka kwake aliko. Tangu hapo kila jibu nililiandika kwa mkono, neno kwa neno.

Nikakaa eda mle mle nyumbani, bila kutoka, kama sheria isemavyo. Kwa talaka moja mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, na hahitaji mahari wala mashahidi wengi. Neno lake linatosha. Na mimi nilitaka anirejee. Hata baada ya yale ya chumbani, nilitaka. Sikumwambia mtu. Kila ujumbe ulipolia nilitoka mbio kwenye dirisha la kazi nikachungulie, nikakuta tangazo la simu mpya, au kikundi cha harusi ya watu nisiowakumbuka, au muuza mitumba wangu wa Kombani akiniuliza mbona nimeadimika.

Bibi wa taulo alifika kwenye nyumba yake ya Galu, karibu nami kiasi cha kwenda kwa miguu. Akanialika chai. Nikaanza kumweleza eda ni nini, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikamwambia nina kazi nyingi. Aliondoka akiacha sifa nzuri kuhusu nyumba na taulo zake.

Tohara ya tatu, ule usafi wa baina ya hedhi na hedhi, ikaja ikaisha. Mjomba alinipigia Ijumaa, baada ya sala. Alisema amemuuliza mume wangu kwa mdomo wake, naye hakunirejea na hana nia ya kunirejea. Kwa hiyo eda imekwisha, mimi ni mtu huru. Ninaweza kutoka na kwenda nitakako, na anayetaka kuniposa apose. Akasema alhamdulillahi, nami nikaitikia.

“Haya, mwanangu. Leo utakwenda wapi?”

Nikamwambia ninakwenda dukani, chumvi imeniishia. Chumvi ilikuwa tele jikoni.