Mpekuzi na Kopo la Mkwewe

Kwenye geti la kiwanda cha sabuni kuna mlinzi ambaye wenzake wanamwita Pekua, na hata mhasibu anayemlipa mshahara, ukimuuliza jina halisi la huyo bwana, atakuna kichwa kwanza. Kazi yake ni kupekua watu wanaotoka: mikoba, mifuko ya suruali, vyombo vya chakula, mpaka ndani ya mwavuli. Amewahi kukamata miche ya sabuni ndani ya kofia, ndani ya chupa ya chai, na mara moja ndani ya bandeji ya mtu aliyekuwa anachechemea kwa mguu usio na jeraha. Tangu siku ile hana imani hata na wagonjwa.

Ana nadharia yake, na kila mlinzi mgeni lazima ahubiriwe. Usiangalie mkoba, anasema, angalia mtu. Aliyeficha kitu shingo yake inakakamaa, na salamu zake zinakuwa tamu kupita kiasi. "Mtu aliyechoka na kazi hana muda wa kukuuliza watoto hawajambo," anasema. "Akikuuliza hali ya mkeo, na ya mama mkwe juu, huyo mvue kofia."

Kazini, sawa. Lakini jamaa hakuwa akiivua nadharia hiyo pamoja na sare. Aliingia nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo, na hapo ndipo mimi ninapogombana naye.

Nyumbani kwake kuna watu watatu. Mkewe anapiga pasi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli na huondoka alfajiri. Binti yao mdogo, bado hajaanza shule, wanamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Na yupo mkwewe, mama wa mkewe, mjane mrefu mkimya aliyekuja kusaidia kulea mjukuu. Pekua anamheshimu mama huyo kwa macho yaliyoinama. Chumbani kwake hajawahi kukanyaga. Balbu ya chumba hicho ilipoungua, alisimama kizingitini na kumpitishia mkewe balbu mpya, akatazama pembeni mpaka kazi ilipokwisha.

Balaa lilianza na jino. Chiriku alivimba shavu, akalia hadi sauti ikakauka, wakampeleka kwa daktari wa meno. Daktari aling'oa gego, akalishika kwenye koleo na kuwaonyesha. Lilikuwa jeusi kama kipande cha mkaa.

"Asubuhi anakula nini?" akauliza.

"Uji," mama akajibu.

"Na sukari?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Mke akamtazama mume. Mume akatazama feni ya darini.

"Mengine mawili yameshaanza," daktari akasema. "Mkiendelea hivi, atarudi kwenye kiti hiki kabla hajavaa sare ya shule."

Muda wote huo mtoto alikuwa mapajani mwa baba yake, amemkamata kidole gumba kwa nguvu ambazo Pekua hakujua mtoto anazo. Iliuma. Watu wa kiwandani hawataamini, lakini Pekua alitoka pale macho yamemlenga machozi.

Jioni ileile akatoa amri: sukari basi, kuanzia kesho.

"Tupunguze, baba," mkwewe akasema. "Mtoto mdogo hali kwa amri. Nyote mmekulia uji wa sukari."

"Ndiyo, mama, na magego yangu mawili sina. Hakuna kupunguza. Mwizi hapunguzi, mwizi anaacha." Kisha akasikia alichokisema, na kwa nani, akainamisha uso. "Samahani, mama. Ni kazi inasema."

Pakiti ya sukari akaipandisha juu ya kabati la chumbani kwake, akaichora mstari wa kalamu pale sukari ilipoishia. Asubuhi iliyofuata Chiriku alionja uji, akasukuma kikombe. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Wakampa mkate, akautafuna ukingoni na kuuficha chini ya mto. Wiki ilipokwisha gauni lilikuwa linamcheza mabegani, na yule chiriku wa siku zote akawa anakaa mlangoni kimya, kichwa kwenye magoti.

"Meno unayaokoa," mkewe akamwambia. "Mwenye meno je?"

Mkwe akakata shauri. "Asubuhi niachieni mimi. Ila msiniulize kitu."

Pekua akakubali sharti. Alifunga mdomo kama geti la Jumapili.

Haukupita muda, mtoto akaanza kunywa uji. Akamaliza kikombe, akakilamba. Mashavu yakarudi, maneno yakarudi, nyumba ikajaa kelele. Baba mwingine angeshukuru Mungu na kulala. Pekua alikosa usingizi. Mtoto aliyekataa uji wiki nzima, leo analamba kikombe? Kitu gani kimebadilika?

Halafu mkwewe akaanza kuimba chini chini akiwa jikoni, yeye ambaye hata harusini aliimba kwa kubembelezwa. Na jioni moja Pekua aliporudi kutoka kazini, mama huyo akampokea mlangoni: "Pole na kazi, baba. Jua lilikuwaje huko getini? Na wenzako hawajambo?"

Miaka yote waliyokaa pamoja hajawahi kuulizia wenzake. Pekua alisema hawajambo, akaenda kukaa kitandani na viatu miguuni, nywele za kisogoni zimemsimama.

Akaanza uchunguzi. Alipanda kabatini: mstari wa kalamu uko palepale. Maana yake, akajiambia, mama ana sukari yake mwenyewe. Akakagua sakafu chini ya meza akitafuta sisimizi. Hakuna hata mmoja. Maana yake anafuta vizuri. Ukishakuwa na kichwa cha namna ile, hata usafi wa nyumba yako unakuwa ushahidi. Kila jioni alimwambia mtoto apanue mdomo, akammulika kwa ile tochi ya kukagulia chini ya malori. Yale meno mawili hayakuwa yameharibika zaidi. Hilo nalo halikumtuliza. Alisema uozo huanza kwa siri.

"Bibi anatia nini kwenye uji wako?" alimuuliza siku moja, kwa sauti ya mchezo.

"Siri," Chiriku akasema. "Yangu na bibi."

Kesho yake akamweleza mlinzi mwenzake.

"Si umpekue?" mwenzake akasema.

"Mama mkwe?"

"Ah. Basi pole, kaka."

Mtu anayeishi kwa kupekua watu, na ndani ya nyumba yake kuna chumba asichoweza kuingia. Angeweza kumuuliza mama kwa heshima, wakae, wazungumze. Lakini alishapokea sharti la kutouliza, na zaidi ya hapo, moyoni mwake kuuliza hakukuwa kazi. Kazi ni kukamata.

Asubuhi moja, wafanyakazi walipokwisha kuingia, alimwendea msimamizi, akamwambia tumbo linamsokota, akaruhusiwa. Akaenda nyumbani kwa mwendo wa mtu mwenye tumbo zima kabisa. Mlangoni akavua buti, akazishika mkononi, akasimama ukumbini.

"Vingapi leo?" Ilikuwa sauti ya mkwewe.

"Viwili, bibi. Vya kujaa."

"Haya, viwili vya kujaa."

Akasikia kijiko kikikwangua ndani ya kopo. Akachungulia. Mkwewe amesimama mezani, ameshika kopo la bati kifuani, juu ya usawa wa macho ya mtoto. Anachota, anagonga kijiko ukingoni, anamimina kikombeni, anakoroga kwa mbwembwe. Anachota tena. Kisha akaonja, akakunja uso na kusema, "Leo imezidi. Baba yako akijua atanifukuza." Chiriku akacheka mpaka akaziba mdomo.

Pekua akaingia. "Shikamoo, mama. Tumbo limeniuma kidogo, nimeruhusiwa."

"Marahaba." Mama hakushtuka, ila kopo alilishusha taratibu nyuma ya kanga yake.

"Naomba nione hilo kopo, mama."

"Baba, tuongee baadaye. Mtoto anakula."

"Naomba kopo."

"Si mbele ya mtoto, baba. Nakuomba."

Hapo ndipo angesimama. Mtu yeyote mwenye akili angesimama. Lakini neno "nakuomba" kalisikia getini kila siku, na kila mara lilikuwa na sabuni nyuma yake. Akanyoosha mkono, mkwewe akampa. Pekua akalipindua kopo juu ya meza na kulipiga kitako.

Halikudondosha kitu, hata chembe moja. Ndani bati lilikuwa linang'aa.

Chiriku alipanda juu ya kiti, akachungulia ndani ya kopo, akachungulia kikombe chake. "Iko wapi?"

Mkwe alivuta kiti, akakaa. "Mwanzoni nilitia," akasema, akimwambia Pekua na kutazama meza. "Siwezi kukudanganya. Nilitia ile iliyokuwa imebaki kwenye kopo, viwili vya kujaa kama alivyozoea. Halafu nikawa napunguza. Kila siku chache, kidogo, asijue. Ilipokwisha nikaendelea kuchota. Anachopenda ni kuhesabu vijiko. Uji anaokunywa sasa ndio uleule ulioutaka wewe."

Chiriku akaonja tena. Alikaa na uji mdomoni, akiufikiria, kisha akaurudisha kikombeni. "Hauna sukari," akasema. "Sitaki."

Mama mkwe akainuka, akafunga kanga yake vizuri. "Umeshapekua, baba. Sasa mlishe."

Pekua akaomba zamu ya mchana, akapewa, na ikawa kila asubuhi ni yeye na binti yake mezani. Alijaribu kopo, mtoto akamwambia, "Ni tupu, baba. Wewe ulinionyesha." Alijaribu kuimba, alijaribu kijiko kinachoruka. Chiriku akawa na tabia mpya. Kabla ya kula chochote alifunua sufuria, akanusa, akageuza kijiko juu chini, akasema, "Fungua mkono, baba." Pekua akafungua mkono. "Na ule mwingine." Uji ukapoa, ukatandwa na ngozi juu. Gauni likaanza tena kumcheza mabegani, na hiyo ndiyo iliyomvunja Pekua. Kukamatwa na mkwewe kwa kosa lake aliweza kuvumilia. Mtoto kukaa mlangoni kimya tena, hapana.

Asubuhi moja mkwe alitoka chumbani akamkuta jikoni ameshafagia, ameshachemsha maji, uji uko mekoni unatokota.

"Shikamoo, mama," Pekua akasema. "Umeamkaje? Umelala salama? Mgongo haujambo? Na yule dada yako mkubwa, habari zake siku hizi?"

"Marahaba. Dada yangu kafanya nini?"

"Aa, nimemkumbuka tu."

Mkwe alimtazama. Akatazama shingo yake, iliyonyooka kama mti wa fagio. Kisha akanyoosha mkono mbele yake, kiganja juu, akasubiri.

Pekua alijua kilichokuwa kinatakiwa. Akaingiza vidole mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyosokotwa, akamwekea kiganjani. Macho yalimchoma. "Hali, mama," akasema. "Mwanangu hali."

Mkwe akaifungua karatasi. Ilikuwa sukari, kutoka ile pakiti yenye mstari wa kalamu. Akafikicha punje mbili kati ya vidole, akachukua kopo kwenye rafu na kuimimina yote ndani.

Chiriku alikuja amefumba jicho moja kwa usingizi. Akapanda kiti, akachungulia ndani ya kopo, akachovya kidole, akalamba. Halafu akakitazama kijiko bila kupepesa, kutoka kopo mpaka kikombe, mara mbili. Akala mpaka mwisho.

Pekua alisimama pembeni akimwangalia anavyokunywa, akiwaza yale meno mawili.

"Leo viwili vya kujaa," mkwewe akamwambia, huku akisuuza kikombe. "Wiki ijayo viwili visivyojaa. Tunaanza upya, taratibu." Akakipindua kikombe kikauke. "Na safari hii, baba, usiumwe tumbo."