Mpaka Shabani Akatambaa

Nawasimulia haya ninyi mnaouguza mtoto mdogo, maana mimi nilikosea kwa mapenzi, na mwanangu nusura alipie.

Nilikuwa nauza mitumba sokoni Songea. Biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, marobota yanaingia, na mimi mdomo wa kuita wateja ninao. Ni mzaliwa wa Tunduru, nimeolewa Mshangano. Mwanangu Shabani alikuwa na miezi minane, anakaa mwenyewe, anaanza kujikokota chini ya meza yangu. Nilijisifu kwa kila mtu.

Mchana mmoja akachemka mwili. Nikampa dawa ya homa ya dukani, nikaendelea kuuza. Jioni macho yakapinduka, mkono na mguu wa kushoto vikawa vinarukaruka. Hospitali daktari akasema, "Malaria imepanda kichwani." Mtoto akatundikiwa dripu ya kwinini. Siku nne hakunijua. Nilikamua maziwa yangu kwenye kikombe, akapewa kwa mpira wa puani.

Alhamdulillahi, akafumbua macho. Lakini tulirudi nyumbani na mtoto mlegevu, shingo inaanguka, mkono wa kushoto umekunja ngumi. Nikaogopa hata kumweka chini. Nilimfunga mgongoni kutwa, na nikichoka jirani anampokea. Miezi mitatu hakugusa sakafu. Watu walinisifu kwamba najua kulea, nami nikavimba kichwa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Namtumbo. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akamsimamisha Shabani ndani, tukamfukia mpaka kiunoni.

"Miguu itapata nguvu, mwanangu," akaniambia. "Baba yake nilimfanyia hivihivi."

Kila asubuhi mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Baada ya wiki ngozi ya mapaja ikachubuka, ikatoa maji. Nilimchukia mama mkwe siku zile, nasema kweli, ingawa udongo tulishindilia wote wawili.

Vidonda vile ndivyo vilivyoturudisha hospitali. Kulikuwa na mama wa mazoezi ya viungo, mwenyeji wa Moshi. Hakutugombeza. Alimlaza Shabani kifudifudi, akaviringisha kanga chini ya kifua chake, akaifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja.

"Inaanza shingo," alisema, "halafu mikono, halafu magoti. Mgongoni hawezi kujifunza. Mlazeni hivi kila siku, muda mfupi mara nyingi, mkimwangalia. Na ninyi mshuke chini awaone."

Mama mkwe akauliza, "Atatembea?"

"Sijui, bibi. Tumfanyishe mazoezi."

Lile "sijui" lilinikata maini. Nyumbani nikatandika mkeka. Shabani akalia, pua imelala mkekani, nikamwinua mara moja. Mama mkwe akanishika mkono. "Mwache kidogo." Kisha yeye, bibi wa kuamkiwa shikamoo na mtaa mzima, akakaza kanga yake, akalala kifudifudi uso kwa uso na mjukuu, akagonga bakuli kwa kijiko. Shabani akanyamaza. Kichwa kikainuka, kikatetemeka, kikaanguka. Nililia.

Ikawa kazi yetu miezi mitano. Kuna wiki nzima zilipita bila badiliko lolote. Siku moja naanika nguo nikasikia, "Mama Shabani! Njoo, usipige kelele." Bibi alikuwa amelala palepale. Shabani amesukuma kwa goti la kulia, anavuta la kushoto, kiganja cha kushoto kimefunguka nusu. Hakuniangalia hata mimi. Alitambaa mpaka kwa bibi yake, akamkamata pua.

Alitembea akikaribia miaka mitatu, na mguu wa kushoto anauburuza mpaka leo. Wenzangu, homa ikianza msingoje kufunga biashara. Mtoto akirudi mlegevu, msimfukie wala msimbebe kutwa. Waulizeni watu wa mazoezi mapema.

Namshukuru Mungu, na yule mama wa Moshi. Mama mkwe nilimwomba radhi kwa chuki yangu. Akasema, "Na mimi nimwombe nani?" Basi tukamwita Shabani, tukamwomba radhi pamoja. Alikuwa na miaka minne. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama uji umeiva.