Giza la Saa Nne Asubuhi

Kila asubuhi Mama Colette alifunga mlango wa fleti yake kwa ufunguo, akashuka ngazi tatu, akasimama, kisha akapanda tena na kuufungua. Ndipo akaenda kazini. Mlango ulibaki umerudishwa tu mchana kutwa, na hapo ni Umbilo, mtaa wa Durban ambapo watu hufunga hata pipa la taka kwa mnyororo.

"Mama, we iko na kichwa gani?" Gloriose, aliyesuka naye nywele katika saluni ya chini ya jengo, hakuchoka kumwuliza. "Hapa ni Durban. Siku moja utarudi ukute mwizi amepika, amekula, na anakuuliza we ni nani."

"Basi nitamkuta amewasha jiko," Mama Colette alijibu, na vidole vyake havikusimama.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kumwibia hata kijiko. Gloriose alisema wezi wenyewe wameuogopa ule mlango.

Alikuwa mwanamke mwembamba, miaka hamsini na kidogo, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainamishe vichwa ili wasikie. Tena aliitwa kwa jina lake mwenyewe, jambo la kushangaza kwa mwanamke wa Uvira, Kongo. Kwao, ukishazaa, jina lako unaliweka kando, unaitwa kwa jina la mtoto. Lakini alipofika Durban na kuulizwa, "Mama nani?" alisema, "Colette," na watu wakadhani hakujaliwa mtoto. Gloriose peke yake ndiye aliyejua kwamba kulikuwa na Ruphin, na kwamba mlango ule uliachwa wazi kwa ajili ya mtu asiye na ufunguo.

Desemba hiyo, shule zilipofungwa, Kagendo alikuja kusukwa. Huyu alikuwa binti wa Kikenya aliyesomea mambo ya vitabu chuoni, na sasa alifanya kazi katika maktaba ndogo iliyo nyuma ya Umbilo Road. Ndiye aliyepewa shughuli za watoto wa likizo: kuchora Jumatatu, mafumbo Jumanne, na Jumatano na Ijumaa hadithi. Watoto wa Kizulu walikwisha kupata bibi wao wa kuwasimulia. Wa Kiswahili hawakuwa na mtu.

"Mama, nimekusikiliza hapa," Kagendo alisema, kichwa kikiwa mikononi mwa Mama Colette. "Ukieleza tu bei ya viazi, watu wanaacha simu. Si utusaidie? Wiki tatu tu. Saa nne."

"Saa nne ya usiku?"

Kagendo akacheka. Mama Colette hakucheka.

"Saa nne asubuhi, mama. Maktaba usiku imefungwa."

"Mchana hadithi hazisimuliwi."

"Ah, hata sisi nyumbani tuliambiwa hivyo! Ati tutaota pembe."

"Pembe ni nafuu," Mama Colette alisema, akaukaza msuko. "Kwetu, anayesikia hadithi ya mchana hapati njia ya kurudi nyumbani."

Kagendo, ambaye hakupenda kushindwa, akasema, "Basi tutafunga mapazia. Tutatengeneza usiku wetu."

Mama Colette aliliwaza neno hilo siku mbili. Giza ni giza, alijiambia; mama yake hakuwahi kusema lazima liwe la Mungu. Akakubali.

Jumatano ya kwanza walitundika mablanketi juu ya madirisha ya chumba cha watoto, wakaziba mwanya wa chini ya mlango kwa taulo, wakazima taa. Nje jua la Desemba lilichoma na ndege wa hadeda walipiga makelele juu ya paa. Ndani, mtu hakuuona mkono wake. Watoto tisa walikaa sakafuni wakichekeana.

"Nikisema, 'Giza iko?' mtajibu, 'Iko!'" aliwafundisha. "Nikisema, 'Moto iko?' mtajibu, 'Haiko!' Tumeelewana?"

"Ndiyo, mama."

"Giza iko?"

"Iko!"

"Moto iko?"

"Haiko!"

Akawasimulia ya fisi aliyeoa binti wa mfinyanzi. Watoto walicheka mpaka Gosbert, mtoto wa miaka saba mwenye maneno mengi, akasema anataka kwenda kukojoa lakini wasiendelee bila yeye. Hadithi ikafika mwisho wake. Fisi akafukuzwa, mitungi ikapona. Mama Colette akanyamaza, kama inavyopasa mwisho ukishakuja.

Na kutoka nyuma ya rafu, pale chumba kilipokuwa cheusi kuliko kwingine, sauti ndogo ikauliza, "Na kisha?"

"Imeisha," alisema.

"Na kisha?"

Kagendo aliwasha taa. Nyuma ya rafu kulikuwa na kiti kidogo cha plastiki na ukuta.

"Nani ameuliza?" Mama Colette aliwauliza watoto. Wakatazamana. Gosbert akaonyesha kiti kwa kidole, akashusha kidole, akatia mkono mfukoni.

Mama Colette alitembea kurudi saluni bila kusalimia mtu. Aliijua ile sauti. Aliijua namna ilivyopanda mwishoni, kama mtu anayevuta nguo ya mama yake.

Miaka kumi na minane nyuma, adhuhuri ya jua kali, alilala kifudifudi katika matete ya kando ya mto Ruzizi, na Ruphin wa miaka sita chini ya kwapa lake. Barabarani walipita watu wenye bunduki. Mtoto alianza kulia kwa kiu. Mwanamke hana la kufanya hapo; akamziba mdomo, akaona anamwumiza, akaachia, akaanza kumnong'oneza hadithi. Mchana kweupe. Alijua ni mwiko, akasimulia.

Ilikuwa ya mama aliyemtuma mtoto wake akaombe kaa la moto kwa jirani. Nyumba ya kwanza wakamwambia mtoto: kwetu moto umezimika, uko nyumba ya mbele. Ya pili wakamwambia: uko nyumba ya mbele. Ya tatu vilevile. Na kila nyumba Ruphin alinong'ona, "Na kisha?" Mtoto wa hadithi alikuwa anaikaribia nyumba ya nne risasi zilipolia. Watu mia waliinuka kutoka matete kwa mara moja, wakakimbia. Mama Colette alikuwa ameshika mkono, halafu akawa ameshika hewa.

Hakumpata, si hai wala maiti. Tangu hapo hakuimalizia ile hadithi, hata kichwani mwake. Aliamini kwamba kwa kuwa mtoto hakusikia mwisho, lazima siku moja aje kuudai.

Ijumaa sauti ile ilikuja tena. Na Jumatano iliyofuata. Kila hadithi ilipoisha: "Na kisha?" Watoto wakaizoea, walianza kusogea mbele na kuacha nafasi nyuma, bila kuambiana.

Kulikuwa na jambo la nyota. Kagendo alimpa kila mtoto nyota ya karatasi aandike jina lake na kuibandika ukutani kila alipohudhuria. Watoto tisa, na kila siku nyota kumi.

"Jamani, ni nani anachukua mbili?" Kagendo aliuliza, akicheka, lakini jicho lake halikucheka. Ile ya kumi haikuwa na jina. Ilibandikwa chini, mahali mkono wa mtoto wa miaka sita unapofika. Mama Colette aliigusa. Ilikuwa imelowa, na kidole kilibaki na harufu ya tope la mto.

Siku hiyo Gosbert alimfuata hadi mlangoni. "Shikamoo, Mama Ruphin."

Mama Colette akashika mwimo wa mlango. "Nani amekufundisha kuniita hivyo?"

"Yule wa nyuma. Anasema hadithi zako ni nzuri lakini si yake. Anasema yake uliikata." Mtoto alikuna kichwa. "Ana kiu, lakini juisi yangu hataki."

Mama Colette alimweleza Gloriose yote, wakila chipsi mlangoni pa saluni.

Gloriose aliacha kutafuna. "Mama, usimalize. Nakuomba kwa jina la Yesu. Asiyekuja kwa miguu asimaliziwe hadithi."

"Ni mtoto wangu."

"Ni mtoto wako, ndiyo. Na wale tisa? Nao iko watoto wa watu! Ukisema ile hadithi mbele yao, jioni mama zao watakuja kumwuliza nani?"

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Hadithi ile ilianzwa mchana. Ingeweza kuishia gizani mwa mablanketi? Moyo wake ulimwambia hapana. Ya mchana humalizwa mchana, na kila atakayeisikia atapotea njia ya kwao. Asipoimaliza, basi mwanawe atakaa nyuma ya rafu na kiu yake, akiuliza, mpaka likizo iishe na chumba kifungwe. Baada ya hapo atamwuliza nani?

Ijumaa ya tatu ilikuwa siku ya kufunga shughuli za likizo. Mama Colette aliamka, akafagia, akakunja mkeka, akazima jiko. Akafunga mlango kwa ufunguo, akashuka ngazi tatu, akasimama. Kisha akaendelea kushuka. Alipopita saluni aliuweka ufunguo juu ya meza, karibu na chanuo.

"Mama, leo umefunga?" Gloriose aliuliza.

"Leo nimefunga."

Gloriose alifurahi. Alimwambia mteja kwamba hatimaye Mungu amemrudishia mama huyu akili. Baadaye, ndiyo, alijuta kufurahi kwake.

Maktaba ilijaa wazazi, biskuti na juisi ya machungwa. Bibi wa Kizulu aliwaimbisha watoto wake. Gosbert alipata cheti cha msikilizaji bora, watu wakacheka, maana hakuwahi kunyamaza. Mama Colette alisimulia hadithi fupi ya sungura, kwenye giza lao la blanketi, na sauti ilipouliza, "Na kisha?" alisema polepole, "Ngoja. Leo ngoja."

Watoto wakaondoka. Aliwatazama mmoja mmoja wakishika mikono ya mama zao, akahakikisha wote tisa wamevuka barabara. Gosbert alikuwa wa mwisho. Aligeuka akapunga mkono, si kwake. Alipunga kando yake kidogo, chini.

"Mama, tukunje mablanketi?" Kagendo aliuliza.

"Niachie mimi. Nenda kaoshe vikombe, mwanangu. Na ufunge mlango nyuma yako. Ukisikia nazungumza, usisikilize."

Kagendo alitaka kuuliza, akamwona uso, akaenda. Baadaye alisema alifungua mabomba yote mawili ya maji ili yapige kelele.

Mama Colette aliteremsha mablanketi. Jua la saa sita likaingia, likafika hadi nyuma ya rafu, kwenye kile kiti kidogo. Hakuona mtu. Aliona tu sakafu chini ya kiti imelowa. Akakaa chini, akakielekea.

"Mtoto akafika nyumba ya nne," alisema, kwa mnong'ono uleule wa matete. "Akabisha, hawakuitika. Akagusa mlango, akakuta haukufungwa kwa ufunguo. Akausukuma. Ndani moto ulikuwa unawaka, na kando ya moto alikaa mama yake mwenyewe. Mtoto akasema, 'Mama, si ulinituma, ukabaki nyumbani?' Mama akasema, 'Nilichoka kungoja. Nikafuata njia.'"

Hadeda juu ya paa waliacha makelele yao.

"Na kisha?" sauti iliuliza, karibu kabisa.

"Kisha imeisha, Ruphin. Mwisho ni huo."

Hakuna aliyeuliza tena. Kitu kidogo, baridi kama jiwe la mtoni, kiliingia kwenye kiganja chake cha kushoto, kikashika vidole viwili, namna alivyozoea kushika. Mama Colette alikaza mkono. Safari hii alikaza kweli.

Aliinuka. Mkoba wake aliuacha kwenye kiti. Alipita mezani pa daftari ambamo kila mgeni huandika jina lake akiingia na kutoka. Akachukua kalamu kwa mkono wa kulia, akaandika: Mama Ruphin. Saa ya kutoka aliijaza. Akasukuma mlango wa kioo, joto la nje likampiga usoni. Aliposhuka ngazi alipunguza hatua, kama atembeavyo mtu aliyeongozana na miguu mifupi. Robot, ile taa ya barabarani ya Umbilo Road, ilikuwa nyekundu kwa magari. Kulia ndiko kulikokuwa nyumbani. Akasimama katikati ya barabara, akatazama kulia kama mtu anayetazama mtaa asiowahi kuuona, akavuka, akashika kushoto, na hakurudi.